Kamio ya mkataba: namna deni la gari lilivyohamia kwa shofere

Katika mkutano wa memba wa mwezi wa tatu, kabla hatujafika kwenye hesabu ya likelemba, mama mmoja aliomba neno. Ni memba wa siku nyingi. Alishuka bandarini Baraka mwaka 2005, wakati meli za HCR zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma, akiwa na watoto watatu na masufuria mawili. Mtoto wake mkubwa alibaki kambini Nyarugusu kwa mjomba wake ili asikatize shule. Miaka ikapita, familia ya mjomba ikapata safari ya Marekani, na kijana akaenda nao.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "ninaomba deni kwenye sanduku letu. Si la mbegu, si la hospitali. Ni la kutuma Amerika."

Wengine walicheka, si kwa ubaya. Tumezoea pesa zitoke huko zije huku: za minerval, za bati, za kilio. Pesa kutoka Fizi kwenda Amerika, hiyo hatujawahi kuandika katika daftari. Na kijana mwenyewe si mvivu. Picha yake iko ukutani kwa mama, amesimama mbele ya kamio ya buluu yenye pua ndefu, na chini mtu ameandika kwa kalamu: "kamio ya mwanangu". Sasa alihitaji dola 1,200 za kodi ya nyumba, kwa sababu kamio ile ilikuwa imekula malipo yake yote kwa wiki tano.

Kamati ilituomba sisi wa timu ya uwanjani tutafute ukweli kabla watu hawajapiga kura. Tuliongea na kijana kwa simu usiku nne, maana saa zetu na zake hazipatani. Akatutumia picha za karatasi zake za malipo. Kisha tukakaa kusoma jambo hili lilianzia wapi. Tulidhani tutaandika nusu ukurasa. Kumbe linaanzia karibu miaka 90 nyuma, na linawahusu watoto wa nyumba nyingi za memba wetu. Wafadhili wanaotusoma kutoka huko huko Marekani watuvumilie kama tunaeleza mambo wanayoyaona kila siku barabarani. Huku kwetu hayajulikani.

Kijana anayepata leseni ya kamio kubwa Marekani anasimama mbele ya milango miwili. Wa kwanza ni kuwa shofere wa kampuni. Kamio ni ya kampuni, mafuta ni ya kampuni, tairi ikipasuka ni shauri la kampuni, na yeye analipwa kwa kila maili aliyoendesha. Maili moja ni kama kilomita 1.6. Mlango wa pili ni kamio ya mkataba. Kampuni ile ile inamkodisha kamio, inamkata kila wiki, na karatasi inasema kwamba baada ya miaka kadhaa anaweza kuinunua. Tangu siku ya kusaini haitwi tena mfanyakazi, anaitwa mfanyabiashara. Mafuta ni yake, bima ni yake, na ile tairi pia.

Wale tuliokaa Kigoma na Kasulu tutaelewa haraka, maana tuliziona kule pikipiki za mkataba: unampelekea tajiri hesabu yake kila siku, na baada ya mwaka hivi au zaidi pikipiki inakuwa yako. Hapa kwetu motari wengi wanalipa versement tu, wachache wana mkataba. Hatusemi njia hiyo ni mbaya. Imewapa vijana wengi chombo. Lakini tajiri wa pikipiki hakuambii ubebe nani. Ukikosa abiria unabeba mihogo, na siku ya soko kubwa unaamka saa kumi ya usiku upate wa kwanza. Kwenye kamio ya mkataba ya Marekani, mara nyingi mwenye kamio ni huyo huyo mwenye mizigo. Yeye anakukata kila wiki, na yeye tena anaamua wiki hii utapata maili ngapi.

Zamani haikuwa hivyo. Katika ile shida kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930, kila mwenye kamio Marekani alibeba kwa bei yoyote aliyopata, na makampuni yakauana kwa bei. Mwaka 1935 serikali ilipitisha sheria iliyoweka usafiri wa kamio kati ya majimbo chini ya Tume ya Biashara kati ya Majimbo, tume ambayo ilikuwa ikisimamia reli tangu 1887. Tangu hapo, kubeba mali kuvuka majimbo kulihitaji kibali, na bei ziliandikishwa. Kupata kibali kipya kulikuwa kugumu sana, kwa sababu wale waliokuwa navyo walikuja kupinga mbele ya Tume.

Sheria iliacha tundu moja: mazao ya shamba. Aliyebeba mboga, mifugo au nafaka hakuhitaji kibali kile. Basi mtu mwenye kamio yake mwenyewe alibeba nyanya au ng'ombe kwenda mjini. Na kurudi? Kurudi tupu ni hasara, kila shofere wa hapa kwetu anajua hilo. Kwa hiyo alikwenda kwa kampuni yenye kibali, akajikodisha yeye na kamio yake, akabeba mali ya kampuni kwa jina la kampuni.

Tuwaombe wasomaji wasimame hapo kidogo. Katika mkataba ule wa zamani, aliyekodisha kamio ni shofere, na aliyekodi ni kampuni. Kamio ilikuwa ya shofere kwanza. Kampuni ndiyo iliyohitaji chuma chake, na asiporidhika aliondoka nacho. Mikataba hiyo ilikuwa mingi hata Tume ikaweka kanuni za kuisimamia, na mwaka 1953 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Tume ina haki ya kufanya hivyo.

Mlango mwingine, ule wa kampuni, nao ulikuwa na nguvu zake. Chama cha wafanyakazi cha Teamsters, ambacho jina lake linatoka kwa watu waliokuwa wakiendesha mikokoteni ya farasi, kiliingiza mashofere wengi. Mwezi wa kwanza mwaka 1964 kiongozi wao Jimmy Hoffa alipata mkataba mmoja wa nchi nzima uliogusa mashofere zaidi ya 400,000. Hatumfanyi Hoffa mtakatifu. Mwaka ule ule mahakama ilimtia hatiani kwa kuwahonga wazee wa baraza, baadaye akafungwa, na mwaka 1975 alipotea bila mwili wake kuonekana hadi leo. Lakini shofere wa kampuni wa siku zile alikuwa na mshahara wa kujenga nyumba, alikuwa na pensheni, na alikuwa na mtu wa kumsemea. Mtoto wake alisoma. Kwa hiyo kijana wa mwaka 1965 alipochagua kati ya kununua kamio yake na kuingia kampuni, alichagua kweli. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na chumba.

Miaka ya 1970 ilitikisa wenye kamio. Mwisho wa 1973 mafuta yalipanda ghafla kwa sababu ya mgogoro wa Mashariki ya Kati, na mwanzoni mwa 1974 serikali ikakataza mwendo wa zaidi ya maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Wenye kamio walifunga barabara kuu kwa kamio zao. Ukitafuta nani alikuwa katika foleni zile, ni wale wanaonunua mafuta kwa mfuko wao. Shofere wa mshahara bei ya mafuta alisikia kwenye redio. Mwenye kamio aliisikia tumboni.

Kisha mwaka 1979 Tume ilitoa kanuni za kulinda wenye kamio wanaokodisha kwa makampuni. Mkataba lazima uwe wa maandishi. Useme malipo ni kiasi gani, nani analipa mafuta, nini kitakatwa na kwa hesabu gani. Kampuni isimlazimishe kununua au kukodi kitu kwake kama sharti la kupata kazi. Pesa zake inazozishikilia, mkataba ukiisha, zirudishwe ndani ya siku 45. Ni kanuni nzuri, na ziko hadi leo. Tatizo ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya yule mtu wa zamani, mwenye kamio yake. Hazikuwaza sana mtu ambaye kamio yenyewe ameipata kwa kampuni.

Tarehe 1 mwezi wa saba 1980, Rais Jimmy Carter alisaini sheria mpya, na mlango wa vibali ukafunguka. Waliounga mkono hawakuwa matajiri peke yao. Hata seneta Edward Kennedy, mtu wa upande wa wafanyakazi, aliipigania, kwa sababu bei za zamani zilikuwa zikipangwa na makampuni yenyewe na mnunuzi ndiye aliyelipa. Bei ya kubeba mali ilishuka kweli. Ndani ya miaka 10 makampuni yenye kibali yakawa zaidi ya mara mbili. Lakini bei ikishuka lazima ishukie kwa mtu. Makampuni mengi ya zamani yenye chama yalikufa, mapya yalizaliwa bila chama, na msomi Michael Belzer, katika kitabu alichotoa mwaka 2000, alionyesha kwamba mapato halisi ya mashofere yalianguka kwa zaidi ya robo kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1990. Tume yenyewe ilivunjwa mwisho wa 1995.

Hapo makampuni makubwa yalijikuta na shida mpya: watu hawakai. Kazi ni ngumu, shofere analala ndani ya gari wiki mbili, tatu, na akihesabu saa zake anaona hazilipi. Kwa miaka mingi, katika makampuni makubwa ya safari ndefu, idadi ya wanaoondoka kwa mwaka imekaribia idadi ya mashofere wote walio kazini. Unafundisha mtu, anapata leseni, anaondoka. Utamfunga kwa kamba gani?

Kamba ilipatikana, na inapendeza kuitazama: kamio yake mwenyewe. Kampuni, au kampuni-dada yake, inanunua kamio nyingi kwa bei nzuri, inamkodishia shofere mmoja mmoja, halafu shofere yule anaikodisha tena kwa kampuni ili abebe mizigo yake. Lile neno la zamani, kukodisha, limebaki, lakini limegeuzwa kichwa chini. Zamani shofere alileta kamio kwa kampuni. Sasa kampuni inampa shofere kamio, na pamoja nayo inampa mafuta yanayopanda, msimu usio na mizigo, na injini iliyochoka. Na yule mtu haondoki haraka, maana akiondoka anaacha pesa zote alizokwisha kulipa. Mchunguzi Steve Viscelli, ambaye aliingia mwenyewe kazini kama shofere mpya na kuongea na wenzake wengi, aliandika mwaka 2016 jinsi watu wa mkataba wanavyofanya kazi saa nyingi zaidi na mara nyingi kubaki na kidogo kuliko wa kampuni. Kuna faida nyingine pia kwa kampuni: sheria ya mshahara wa chini kabisa, ya mwaka 1938, inamlinda mfanyakazi. Haimlindi mfanyabiashara.

Turudi kwa kijana wetu. Alisaini mwisho wa 2022. Mwaka uliotangulia bei za mizigo zilikuwa juu sana Marekani, kila mtu akionyesha picha za pesa; alipoingia yeye, bei zilikuwa zimeanza kuporomoka. Hilo hakuambiwa. Alituonyesha karatasi ya wiki aliyoiita nzuri. Aliendesha maili 2,400, yaani kilomita karibu 3,900. Mizigo ililipa dola 3,600. Tulipoisoma mara ya kwanza tulisema: basi kijana ni tajiri! Kisha tukashuka chini. Mafuta 1,330. Kamio 960. Bima 285. Akiba ya matengenezo senti 12 kwa kila maili, jumla 288. Barabara za kulipia na kifaa cha ndani ya gari, 74. Pesa aliyokopa wiki ya nyuma ili ale njiani, 300. Chini kabisa imeandikwa dola 363.

Shofere wa kampuni hiyo hiyo, alituambia, analipwa senti 55 kwa maili. Kwa maili zile zile 2,400 angepata 1,320 kabla ya kodi. Na kodi nayo haifanani. Mtu anayejiajiri Marekani analipa mwenyewe asilimia 15.3 ya uzeeni na matibabu ya wazee, wakati mfanyakazi analipa nusu na mwajiri anamalizia.

Tukaomba karatasi ya wiki mbaya. Alisita, akaituma saa nane ya usiku bila kuandika neno. Maili 1,100 tu, kwa sababu alingoja mzigo siku tatu kwenye kituo. Mizigo ililipa 1,650. Mafuta 610, kamio 960 ile ile, bima 285 ile ile, akiba 132, barabara 40. Chini: kutoa dola 377. Yaani aliendesha kilomita karibu 1,800, akalala ndani ya kamio siku saba, na mwisho wa wiki akawa na deni kwa kampuni. Shofere wa mshahara wiki hiyo angelia kwa sababu amepata 605 tu.

"Shikamoo kwanza," alituambia usiku ule wa tatu, maana alilelewa Nyarugusu na adabu ya kule hajaiacha. "Sikutaka mama ajue. Nilimwambia kamio iko garaji."

Si yeye wa kwanza. Mwaka 2019 kesi ya namna hii ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Shofere Dominic Oliveira alikuwa ameichukulia hatua kampuni ya New Prime ya Missouri, akisema makato yalimwacha wakati mwingine bila kitu, au na deni, ingawa aliitwa mfanyabiashara. Baadaye alirudi kwa kampuni hiyo kama mfanyakazi, na kazi aliyoifanya, alisema, ilikuwa karibu ile ile. Kampuni ilitaka shauri liende kwa msuluhishi wa faragha, kama mkataba ulivyosema. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 2019 majaji wote 8 walioamua walikubaliana na shofere: sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 haiwabani watu wa usafiri, hata kama mkataba unawaita wafanyabiashara. Haikuwa hukumu juu ya makato. Ilikuwa juu ya mlango gani wa kupeleka mashitaka. Lakini kwa mtu ambaye amesaini karatasi za Kiingereza kwa haraka, kujua kwamba mahakama ya kawaida bado iko wazi si jambo dogo.

Na bandarini ilikuwa mbaya zaidi. Bandari za Los Angeles na Long Beach ndizo zinazopokea sehemu kubwa ya mali ya Asia inayoingia Marekani, na kamio zinazotoa makontena pale zilikuwa za zamani, zenye moshi uliowaumiza watoto wa jirani. Tarehe 1 mwezi wa kumi 2008 bandari zilianza kufukuza kamio chakavu. Jambo jema kabisa. Los Angeles iliona mapema kwamba kamio mpya ni ya dola 100,000 na zaidi, ikataka makampuni yawaajiri mashofere na kubeba gharama hiyo. Chama cha makampuni kikaenda mahakamani, na mwaka 2011 sharti la kuajiri likafutwa. Moshi ulipungua, gharama ikabaki inatafuta mtu. Mashofere wengi pale walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kati. Wengi walipewa karatasi za kukodi kamio mpya kwa lugha wasiyoisoma, na wengine waliambiwa wasiposaini hakuna kazi kesho. Gazeti la USA Today lilipofuatilia mwaka 2017 lilikuta watu waliofanya kazi wiki nzima na kurudi nyumbani na senti. Wengine walipoteza kamio baada ya kulipa miaka, kwa sababu waliugua wiki chache.

Tulisoma habari ile kwa uchungu, kwa sababu wahamiaji wale ni sisi kwa jina lingine. Mwaka 2016 Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote ya wakimbizi walioingia Marekani. Vijana wetu walianzia kwenye viwanda vya nyama na maghala, kisha mmoja akapata leseni ya kamio, akamwita mwenzake. Leo kuna miji ambapo ukienda kanisani Jumapili kwa ibada ya Kiswahili, nusu ya wanaume vijana hawapo, wako njiani. Ni kazi ya heshima na imejenga nyumba nyingi hapa Fizi. Ndiyo sababu mtego uliowekwa kwenye njia hiyo unatugusa hata sisi ambao hatujawahi kuiona kamio yenye pua ndefu.

Serikali ya Marekani yenyewe ilichelewa lakini ilifika. Sheria ya miundombinu ya mwezi wa 11 mwaka 2021 iliagiza kuundwa kikosi cha kuchunguza mikataba ya kukodi kamio. Kilisikiliza mashofere, wanasheria na makampuni, na ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 2025. Sisi tulitegemea waseme "iboreshwe". Walisema mikataba ya kukodi-kununua ipigwe marufuku. Lakini ripoti ni ushauri. Kupiga marufuku ni kazi ya Bunge.

Tuseme na upande wa pili, maana wapo. Kijana alitutajia Wakongomani wawili wenye kamio zao na wanaendelea vizuri. Tulipouliza walivyoanza, wote wawili walikuwa mashofere wa kampuni miaka minne au mitano, wakaweka akiba, wakanunua kamio kuukuu kwa mtu ambaye hana uhusiano na mizigo wanayobeba. Mzigo wa bei mbaya wanaukataa. Kamio ikisimama wiki moja haiwadai. Hao ndio watoto halisi wa yule mtu wa 1935 aliyeshusha ng'ombe mjini. Wamekodisha chuma chao, hawakukodishwa.

Sasa tuje kwa lawama, na tuanze na sisi. Kijana alipokuwa shofere wa kampuni alikuwa akituma dola 150 kila mwezi, bila kukosa. Ndugu hapa walisema nini? Walisema: fulani ana kamio yake, wewe bado unatumika kwa mzungu. Baba mdogo alimpigia simu kumwambia mwanaume ni mali. Na lile neno chini ya picha, "kamio ya mwanangu", halikukaa ukutani peke yake. Sisi tulilichapa picha na yote katika jarida hili, kama mfano wa mtoto wa memba aliyefanikiwa. Hakuna aliyeuliza kadi ya gari iko kwa jina la nani. Tuliuliza mama kama tunaweza kutumia picha, akafurahi, tukachapa. Wakati gazeti linafika mikononi mwenu, kamio ile ilikuwa tayari imeanza kumla.

Kwenye mkutano wa mwezi wa nne tulisoma haya yote kwa sauti. Mabishano yalichukua saa mbili. Mzee mmoja alisema sanduku ni la watu wa hapa na sheria zetu ziko wazi. Mama wa soko akamjibu kwamba bati la nyumba ya mzee lilitoka wapi kama si huko. Watu walicheka, hata mzee. Mwisho kura zilikubali kitu kilicho katikati: hakuna pesa itakayotumwa Marekani, kwa sababu ingeingia kwenye wiki ya kamio na kupotea, lakini sanduku litamkopesha mama minerval ya wadogo wawili hadi mwisho wa mwaka wa shule, ili kijana asitume chochote kwa miezi hiyo na alipe nyumba yake. Mama alikubali. Aliomba tu asiwe yeye wa kumpigia kijana kumwambia. Alitaka tumwambie sisi.

Kijana alirudisha kamio mwezi wa tano. Amepata kazi ya kampuni nyingine, ya kusambaza mali mjini, kwa saa, na jioni analala kwake. Akiba ya matengenezo aliyokatwa senti 12 kwa maili kwa zaidi ya miaka miwili bado hajarudishiwa. Kampuni ya kwanza inasema imeisha kwenye ukaguzi wa kurudisha gari, lakini haijampa hesabu yenyewe. Ameandika barua akitaja kanuni ya siku 45. Siku hizo zinatimia wiki mbili baada ya jarida hili kutoka.

Picha bado iko ukutani. Memba wengine ambao watoto wao wamesaini karatasi kama hiyo, au wanataka kusaini, waje ofisini Alhamisi asubuhi na picha za mkataba kwenye simu. Tutausoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa.